Retinoli si mkorogo: Ngozi kavu haitaki pupa

Mwanamke aliyesimama mbele ya kaunta amejitanda mtandio hadi puani, na jua la saa tisa alasiri mjini Morogoro si la mtu kujitanda hivyo. Duka ni dogo, mojawapo ya yale yaliyobanana katika mitaa ya jirani na Soko Kuu la Chifu Kingalu. Losheni zimejaa rafu hadi rafu upande mmoja, nywele za bandia upande wa pili, na feni inazungusha joto lile lile. Anashusha mtandio. Mashavu yamechubuka, pembeni mwa pua ngozi inabanduka vipande vidogo vyeupe, na chini ya macho pamevimba.

Juu ya kaunta anaweka chupa ndogo yenye kifuniko cha kudondoshea. Maandishi ni ya Kiingereza, na yanayosomeka kwa mbali ni neno “retinol” na namba 1%. Ameipaka kila usiku kwa wiki 2. Asubuhi anaoga kama siku zote, uso anausugua kwa dodoki ili magamba yatoke, kisha anaingia kazini. Sasa, anasema, hata maji ya bomba yanamchoma.

Kijana wa dukani hababaiki. Anampa mama pole, kisha anamweleza kwamba hapo ndipo dawa inapofanya kazi, ngozi ya zamani lazima itoke ili mpya ije. Kama anaona inachelewa, ipo krimu ya kuchanganya nayo ili mambo yaende haraka.

Nusu ya maelezo yake ni kweli. Retinoli huharakisha ngozi mpya kupanda juu. Ila uso unaochomwa na maji ni uso ulioungua, na kuuongezea krimu nyingine juu ni kuukaanga. Kijana hakuwa mjanja wala mbaya. Alikuwa anauza bidhaa mpya kwa maarifa ya bidhaa ya zamani, na bidhaa hiyo ya zamani kila mtu mjini hapa anaijua: mkorogo, mchanganyiko wa krimu za kujichubua.

Miaka michache nyuma retinoli ilikuwa neno la maduka makubwa ya Dar es Salaam na la wenye ndugu Ulaya. Leo imefika Morogoro, Mji Kasoro Bahari, ikisindikizwa na video fupi za kwenye simu, na wanaoiulizia si wasichana wenye chunusi pekee. Wamo wanawake wa miaka 40 na zaidi, wenye ngozi kavu inayopauka upesi na kuwashwa na kila kitu, ambao wanataka madoa yapungue na mikunjo ya macho itulie. Swali lao ni moja: ngozi ya namna hiyo inaiweza retinoli?

Ndugu wa matone ya kliniki

Akina mama wengi wameshakutana nayo bila kujua jina. Kila Juni na Desemba, watoto wa miezi 6 hadi 59 wanapopelekwa kupewa matone ya vitamini A, kinachokamuliwa mdomoni ni jamaa wa karibu wa kilichomo kwenye ile chupa. Kidonge cha bluu chenye yuniti 100,000 ni cha asiyetimiza mwaka, na chekundu chenye yuniti 200,000 ni cha aliyevuka mwaka. Retinoli ni vitamini A.

Ikipakwa usoni, haifanyi kazi hapo hapo. Seli za ngozi huibadilisha kuwa retinali, na retinali kuwa asidi ya retinoiki. Hiyo ya mwisho ndiyo inayoingia kwenye kiini cha seli na kutoa amri: seli mpya zizaliwe upesi, vitundu vya ngozi visizibe, kolajeni itengenezwe kwa wingi na iliyopo isivunjwe ovyo. Katika kila hatua nguvu kidogo hupotea njiani. Kwa sababu hiyo retinoli hukadiriwa kuwa na nguvu pungufu mara 20 kuliko tretinoini, ambayo ni ile asidi ikiwa tayari imeshaiva, na ambayo ni dawa ya kuandikiwa na daktari.

Kwa mwenye ngozi kavu, upungufu huo ni faida. Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walichapisha matokeo ya kuwapaka losheni ya retinoli ya 0.4% wazee 36 waliokuwa na wastani wa umri wa miaka 87. Ngozi ya umri huo ni kavu, nyembamba, na huchanika kwa kuguswa tu. Walipakwa sehemu ya ndani ya mkono mmoja, juu ya kiwiko, na mkono wa pili ukapakwa losheni tupu. Haikuwa kila siku. Ilikuwa hadi mara 3 kwa wiki, kwa wiki 24. Mkono wenye retinoli ulipungua mikunjo midogo, na vipimo vikaonyesha ngozi imeongeza viini vya kolajeni na vile vinavyoshika maji.

Mara 3 kwa wiki, miezi 6, dawa chini ya nusu ya ile iliyokuwa juu ya kaunta. Mama yule alipaka mara 14 ndani ya wiki 2.

> Retinoli iliyonyoosha ngozi za wazee wa miaka 87 ilikuwa ya 0.4%, mara 3 kwa wiki, kwa miezi 6

Daktari wa Philadelphia

Ili kuelewa kwa nini Morogoro inaipokea retinoli kwa pupa, lazima tupitie kwa mtu mmoja ambaye hakuwahi kusikika huku chini ya milima ya Uluguru: Albert Kligman, daktari wa ngozi wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania.

Kligman ndiye anayetajwa zaidi katika historia ya tretinoini, dawa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1971 kwa ajili ya chunusi na ambayo baadaye ilionekana inalainisha pia mikunjo. Historia hiyo ina doa. Kuanzia mwaka 1951 hadi 1974 alifanya majaribio kwenye ngozi za wafungwa wa gereza la Holmesburg mjini Philadelphia, wengi wao watu weusi, kwa malipo kiduchu na bila kuwaeleza vya kutosha walichokuwa wanapakwa. Kitivo cha tiba cha chuo hicho kiliomba radhi mwaka 2021, na Jiji la Philadelphia mwaka 2022.

Mwaka 1975 Kligman na mwenzake walichapisha mchanganyiko wa kupunguza weusi wa ngozi: haidrokwinoni 5%, tretinoini 0.1% na steroidi iitwayo deksamethasoni 0.1%. Hospitalini, kwa madoa maalumu na kwa muda mfupi, mchanganyiko wa aina hiyo unatumika mpaka leo. Ulipotoka hospitalini na kuingia mitaani, chini ya majina mia na katika makopo yasiyo na lebo, Watanzania tuliupa jina letu: mkorogo.

Kwa hiyo jamaa mkubwa wa retinoli alishafika hapa zamani, amejificha ndani ya mkorogo. Zile tyubu ndogo za dawa mchanganyiko kutoka India, zenye haidrokwinoni, tretinoini na steroidi ya mometasoni, ni wajukuu wa kanuni ile ya 1975. Dawa ya kuandikiwa ikapakwa mwili mzima kama losheni ya kuogea, miaka na miaka.

Mkorogo ulimfundisha mteja kitu kimoja kibaya, kwamba kinachofaa huonekana wiki ile ile. Steroidi huzima wekundu na muwasho kwa siku chache, uso ukang’aa. Bei yake hulipwa baadaye: ngozi inakuwa nyembamba mpaka mishipa inaonekana, vinyweleo vinaota usoni, chunusi zinafumuka, na viungo vya vidole vinabaki vyeusi huku mkono ukiwa mweupe. Weusi huo wa vidole ndio sugu ambazo maduka hayo hayo huziuzia dawa nyingine. Haidrokwinoni ya muda mrefu ina lake pia. Mwaka 1975 huo huo, daktari George Findlay wa Pretoria aliandika juu ya wanawake wa Afrika Kusini ambao krimu za kuwa weupe ziliwaachia mabaka ya bluu-nyeusi kwenye mashavu.

Retinoli haing’arishi kwa wiki. Mwanzoni inaweza hata kumharibu mtu sura kidogo. Mteja aliyelelewa na mkorogo akiona hivyo hufanya moja kati ya mawili, anaongeza dozi au anachanganya. Yote mawili ni ajali kwa ngozi kavu.

Nani anasoma lebo?

Kisheria, vipodozi Tanzania vilikuwa chini ya iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa (TFDA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003. Tangu Julai 2019 chakula na vipodozi vimehamia Shirika la Viwango Tanzania (TBS), na dawa zimebaki kwa mamlaka mpya, TMDA. Haidrokwinoni, zebaki na steroidi ni marufuku ndani ya kipodozi. Retinoli inaruhusiwa. Tretinoini ni dawa.

Kwenye karatasi mstari huo umenyooka. Dukani umepinda, kwa sababu kilichokatazwa, kinachoruhusiwa na dawa hukaa rafu moja na muuzaji ni mmoja. Mnunuzi hawezi kutofautisha “retinol”, “retinoic acid” na “Retin-A” kwa kuangalia tu, na muuzaji, kwa uaminifu wote, mara nyingi hawezi pia.

Ulaya wameanza kuibana hata retinoli yenyewe. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya Aprili 2024 imeweka kikomo cha 0.3% kwa bidhaa za usoni na 0.05% kwa losheni za mwili. Bidhaa mpya zilitakiwa kufuata tangu Novemba 2025, na zilizokuwa sokoni zimepewa hadi Mei 2027. Hofu yao kubwa haikuwa kuungua uso. Walihesabu kwamba mtu anayekula vyakula vyenye vitamini A nyingi, anayemeza vidonge vyake na anayejipaka mwili mzima anaweza kuzidisha kiwango. Lakini chupa ya 1% iliyoondolewa kwenye rafu ya huko itatafuta rafu nyingine, na sisi tunajua mitumba husafiri kuelekea wapi. TBS wangefanya vyema kulifikiria hilo kabla ya Mei 2027.

Lipo pia suala la joto. Retinoli huharibiwa na mwanga, hewa na joto. Chupa ya kioo cheupe iliyopangwa dirishani ili ionekane, katika mji ambao Januari hupita nyuzi 30 bila shida, inaweza kuwa imeshakufa kabla hujailipia. Ikishageuka rangi na kuwa ya kahawia au kutoa harufu ya mafuta yaliyochacha, haifai. Tyubu ya bati au chupa ya pampu isiyoingiza hewa hudumu zaidi.

Upepo wa kipupwe, sabuni ya mche

Morogoro ina hali ya hewa ya namna mbili, na mlima ndio unaoigawa. Mawingu ya Bahari ya Hindi hugonga upande wa mashariki wa Uluguru, na huko Kinole na Matombo hupatikana mvua ya kutosha viungo na ndizi. Upande wa magharibi na mjini panabaki pakavu zaidi. Juni hadi Agosti upepo wa kipupwe hushuka, hewa inakauka, na huko Mgeta na Nyandira, kwenye vijiji vilivyo juu ya mita 1,500, watu hulala na moto. Huo ndio msimu wa magaga miguuni, midomo kupasuka na miguu kupauka dakika 10 baada ya kuoga.

Hewa hailaumiwi peke yake. Angalia bafuni. Maji ya moto hasa, kwa sababu ni baridi. Sabuni ya mche, ile ile ya kufulia, au ya magadi. Dodoki lililokauka, la familia nzima, likipita usoni kwa nguvu zile zile linazopita kisiginoni. Ngozi ya kawaida ina tindikali kidogo, pH ya karibu 5. Sabuni ya namna hiyo inafika 9 na kupita. Tabaka la juu la ngozi hushika maji kama matuta ya ngazi ya Mgeta yanavyoshika udongo mlimani, na ukibomoa matuta kila asubuhi usishangae mvua ya kwanza ikiondoka na shamba.

Mwenye pumu ya ngozi yuko pabaya zaidi. Kwake matuta yana mianya tangu kuzaliwa. Wapo pia wale ambao ngozi yao haikuzaliwa dhaifu bali imedhoofishwa: miaka 5 ya krimu yenye steroidi humwachia mtu uso unaowashwa na chochote, na yeye hujitambulisha kwa dhati kabisa kuwa ana ngozi nyepesi. Huyu akipewa retinoli, hata ya 0.1%, ataungua, kisha atailaumu retinoli.

Ndiyo maana nasema swali la “retinoli inafaa ngozi kavu?” halijibiki kabla ya kuuliza ngozi hiyo ilikuwa inapakwa nini mwaka jana.

> Swali la kwanza: ngozi hii ilikuwa inapakwa nini mwaka jana?

Wanaokataa na wanaokubali

Wapo wanaokataa kata kata, na wana sababu. Wazee wa upande huu wamelea ngozi kwa mafuta ya nazi, ya ufuta na ya nyonyo, kwa liwa iliyopanda kutoka pwani na manjano yanayolimwa huku huku mlimani. Hoja yao ni fupi: kitu kinachobandua uso wa mtu ni sumu, uliyaona ya mkorogo. Baadhi ya wahudumu wa afya nao, wakishatibu nyuso kadhaa zilizoharibika, huona rahisi kusema acha kabisa vitu vya dukani.

Upande wa pili ni wauzaji na watengeneza nyuso wa saluni, ambao hoja yao ni kwamba sayansi ya retinoli imekaa zaidi ya miaka 50, hakuna kipodozi kilichochunguzwa kuizidi, na mwanamke wa Morogoro ana haki ya kunufaika nayo kama wa Paris.

Kila upande umeshika kipande cha ukweli. Mwaka 1993 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa wagonjwa weusi 54 waliokuwa na madoa meusi yaliyoachwa na chunusi na vidonda. Waliopaka tretinoini ya 0.1% kwa wiki 40 madoa yao yalipungua waziwazi. Hapo wauzaji washangilie. Lakini karibu nusu ya waliopakwa walipata mchubuko na wekundu njiani, na hapo wazee nao wana lao, kwa sababu ngozi nyeusi ikichubuka huacha doa jeusi. Mzungu akiungua na retinoli, wekundu unapita. Sisi tukiungua, tunaweza kubaki na ramani usoni kwa miezi, doa lile lile tulilotaka kuliondoa.

Mimi nipo na wanaokubali, kwa sharti. Retinoli ya chini, kwenye ngozi iliyoponywa kwanza, mikononi mwa mtu anayeweza kusubiri wiki 12 bila kuongeza kitu. Anayetaka matokeo ya harusi ya Jumamosi ijayo, hii si yake.

Na mafuta ya nazi yasidharauliwe, wala mafuta ya mgando ya bei ya chini kabisa, ambayo kwa kuzuia maji yasitoke kwenye ngozi yanazishinda krimu nyingi za kopo la dhahabu. Ila hayapunguzi mikunjo wala madoa. Ndimu usoni ndiyo isisogezwe kabisa, hata ikichanganywa na asali. Ndimu na jua haviivi chungu kimoja. Ngozi huungua na kuacha weusi mahali ndimu ilipopita.

Pole pole, lakini vipi?

Wataalamu wa ngozi wanaoiruhusu kwa ngozi kavu huanza kwa kutoa, si kwa kuongeza. Wiki 2 hadi 4 za mwanzo hakuna retinoli. Sabuni ya mche inahamia kwenye nguo, dodoki linabaki miguuni, skrabu na asidi za kubandua zinawekwa kando. Uso unaoshwa kwa vidole, maji ya uvuguvugu na sabuni laini isiyo na manukato makali. Losheni nzito yenye gliserini inapakwa ngozi ikiwa bado na unyevu. Maji yakiacha kuchoma, ngozi iko tayari.

Kisha inajaribiwa nyuma ya sikio au chini ya taya, mahali pasipoonekana, kwa siku 3. Pakiwasha hapo, usoni kutawaka.

Bidhaa ya kuanzia ni ya 0.1% au chini yake, na kwa ngozi kavu heri krimu kuliko seramu ya majimaji yenye spiriti. Zipo ambazo retinoli imefungwa ndani ya vifuko vidogo mno vya mafuta ili itoke taratibu, nazo huwasha kidogo zaidi.

Usiku wenyewe unakwenda hivi. Uso unaoshwa na kukaushwa kwa kugusishwa taulo, bila kusugua, kisha unaachwa mpaka ukauke kabisa, maana ngozi mbichi hunywa dawa upesi na kuungua upesi. Pembe za pua, pembe za midomo na kope zinapakwa mafuta ya mgando, kwa kuwa huko ndiko mchubuko huanza. Losheni inapakwa uso mzima. Baada ya dakika kadhaa, retinoli: kiasi cha punje moja ya njegere kwa uso wote, si kwa kila shavu. Juu yake losheni tena. Kuifunika hivyo chini na juu kunaipunguza ukali, na kwa ngozi kavu hilo ndilo linalotakiwa.

Usiku mmoja kwa wiki, halafu 2. Mwezi ukipita salama, 3, na kwa ngozi nyingi kavu hapo ndipo kituo cha mwisho. Ukavu kidogo na magamba machache ni kawaida katika wiki za mwanzo. Kuchoma, kuvimba au ngozi kuchanika si kawaida, na dawa yake ni kuacha mpaka uso utulie, kisha kurudi chini ya pale ulipokuwa. Chunusi na madoa huanza kujibu baada ya wiki 12 hivi. Mikunjo huchukua miezi 6.

Mjamzito asiguse, wala anayetafuta mtoto. Vidonge vya aina ya retinoidi, isotretinoini, vilivyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1982, huharibu mtoto tumboni, na hilo halina mjadala. Kinachopenya kupitia ngozi ni kidogo mno, lakini madaktari hawaoni sababu ya kumwekea mtoto rehani kwa ajili ya mikunjo ya mama. Na yale matone ya kliniki ni ya watoto, ya kumezwa. Kuyatoboa na kujipaka, kama wengine wanavyotoboa vidonge vya vitamini E, hakuna kipimo chake.

Ambaye ngozi yake imekataa kabisa ana bakuchioli, kitu cha mmea kutoka India. Mwaka 2018 watu 44 walilinganishwa kwa wiki 12, nusu kwa bakuchioli ya 0.5% mara 2 kwa siku na nusu kwa retinoli ya kiwango hicho hicho mara 1. Mikunjo na madoa vilipungua karibu sawa, na wa retinoli ndio waliolalamikia zaidi magamba na kuchomwa. Utafiti ni mdogo, lakini wenye ngozi nyepesi wana haki ya kuujua.

Jua la utosini

Hapa ndipo mpango mzima unapokwama ukifika Morogoro. Mji uko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, na jua hupita utosini mara 2 kwa mwaka, Machi na Oktoba. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, kila ukipanda mita 1,000 mionzi ya urujuanimno huongezeka kwa takriban asilimia 10. Mama anayepalilia karoti Nyandira huku meno yakigongana kwa baridi anaunguzwa zaidi kuliko muuza samaki wa Feri, Dar es Salaam, anayetoka jasho.

Ngozi nyeusi ina kinga yake. Mwaka 1979 Kligman yule yule na wenzake waliipima: tabaka la juu la ngozi nyeusi huzuia kama krimu ya SPF 13, la ngozi nyeupe kama 3. Kumi na tatu ni nyingi kwa saratani, ni chache kwa madoa. Ngozi inayotumia retinoli ikiachwa juani bila kinga, kazi ya usiku hubomolewa mchana. Tena madoa ya watu weusi huchochewa hata na mwanga wa kawaida unaoonekana, ambao krimu nyeupe za kukinga jua haziuzuii vizuri. Zenye rangi ya udongo, zilizotiwa oksidi ya chuma, zina nafuu.

Tatizo ni bei. Krimu ya kukinga jua inayotosha kupakwa vizuri kila asubuhi huisha ndani ya wiki chache, na ni ya kutoka nje. Si kwamba hatuwezi kuitengeneza. Moshi, kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi cha RDTC ndani ya hospitali ya KCMC, ndiko ilikozaliwa Kilisun, krimu ya kukinga jua inayotengenezwa nchini na kugawiwa bure kwa watu wenye ualbino. Hao ndio wenye haki ya kwanza, maana kwao jua ni suala la uhai. Lakini kiwanda kidogo kimethibitisha kwamba inawezekana, na anayesubiriwa ni mfanyabiashara wa kuichukua hoja hiyo na kuwatengenezea wengine kwa bei ya mfuko wa kawaida. Hadi hapo atakapotokea, kofia pana, mwavuli na khanga iliyotanda uso kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 10 jioni hufanya sehemu kubwa ya kazi. Asiyeweza hata hayo, heri asianze retinoli.

Kabla ya chupa nyingine

RDTC hiyo hiyo, iliyoanza mwaka 1992, hufundisha madaktari bingwa wa ngozi na pia maofisa tabibu wanaosomea ngozi kwa miaka 2 na kurudi mikoani. Wa kumwona ni hao, kwa rufaa au kwa miguu yako hadi hospitali ya rufaa ya mkoa, hasa kwa aliyewahi kupaka krimu zenye steroidi. Asiziache ghafla kwa hasira, kwa sababu uso huweza kulipuka kuliko mwanzo. Huachishwa kwa mpangilio.

Kwa mama mwenye mtandio, ushauri wowote wa maana unaanza kwa kuacha kila kitu: chupa, dodoki, na ile krimu ya kuchanganya aliyoahidiwa. Maji ya uvuguvugu, mafuta ya mgando, kivuli. Uso usipotulia ndani ya wiki moja, au ukitoa majimaji, kliniki. Na aende na chupa zote alizowahi kupaka, ndani ya mfuko mmoja, pamoja na lile kopo lisilo na lebo ambalo watu huona haya kulitaja mbele ya daktari.